Kabureta ya Midomo Minne

Kaka yangu alikuwa na gari la Kimarekani la silinda nane, refu kama jeneza la tajiri, na katika mtaa wao wa Erdington, ambako magari mengine yote yalikuwa madogo na yenye adabu, lilikaa kama mgeni aliyesema anapita tu kisha akahamia. Liliundwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Usukani wake ulikuwa kushoto, kama ilivyo kwa magari ya huko, kwa hiyo kila nilipopanda na kaka nilikaa kulia, upande ambao Uingereza, kama kwetu Tanzania, hukaa dereva. Watu wa kwenye vituo vya basi walinitazama mimi, wakidhani ndimi ninayeendesha. Nami nilikuwa nakunja uso kidogo na kuweka kiwiko dirishani, ili nisiwaangushe.

Kuhusu injini sijui kitu. Nimesoma chuo kikuu hadi wakachoka kunifundisha, na katika miaka yote hiyo nilichojifunza juu ya magari ni kwamba yana magurudumu na kwamba huharibika siku ya harusi. Lakini majira ya baridi yale, katikati ya miaka ya elfu mbili, nilitumia Jumamosi zangu zote ndani ya banda la gari la kaka, nimeshika tochi, kwa sababu shemeji yangu aliniomba.

Kaka alikuwa na presha ya macho. Daktari alikuwa amempangia kumwona tena mwezi wa tatu, na ingawa hakuna aliyelisema waziwazi, sote tulijua mwezi wa tatu ulikuwa na maana gani: huenda angeambiwa asiendeshe tena. Yeye alituambia kwamba kinachofifia ni pembeni tu, katikati kuko safi. Wakati daktari anamwambia hivyo hakuna mwingine aliyekuwemo chumbani. Lililokuwa moyoni mwake lilikuwa moja. Kabla ya mwezi wa tatu alitaka kuliendesha gari lile walau mara moja likiwa zima, si likiwa linakohoa kila ukikanyaga mafuta kama lilivyofanya tangu alinunue. Tatizo, alisema, lilikuwa kabureta, kile kidude kinachoichanganyia injini hewa na mafuta. Basi akaagiza nyingine kutoka Marekani, kubwa zaidi, ikafika ndani ya boksi lililozungushiwa utepe wa gundi kana kwamba mle ndani kuna mnyama.

"Shemeji," mke wa kaka aliniambia kwenye simu, "njoo ukae naye huko bandani. Huna haja ya kushika kitu. Angalia tu."

"Niangalie injini?"

"Injini ina nini? Mwangalie yeye."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Ni kazi niliyodhani naiweza, maana kuangalia bila kushika kitu ndiyo taaluma yangu.

Kabla ya kustaafu, kaka alikuwa mkaguzi wa rangi katika kiwanda cha magari ya mizigo kule Washwood Heath. Kila gari lililotoka kupakwa rangi lilipita mbele yake chini ya taa nyeupe, naye alilitembelea ubavuni polepole, kichwa kikiwa upande, akitafuta chembe ya vumbi iliyonaswa ndani ya rangi, au tone lililoteleza. Alikuwa na macho ya kuudhi. Ungeingia nyumbani kwake na shati jipya, angekuonyesha uzi uliokosea njia. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia kiwanda kiliomba wanaotaka kuondoka kwa hiari, naye akanyoosha mkono. Sote tulishangaa, kwa kuwa aliipenda ile kazi. Ni baadaye nilipoanza kujiuliza hiari ile ilikuwa ya nani, yake au ya macho yake.

Mtu wa tatu bandani alikuwa Mkongomani kutoka Bukavu, aliyekaa nyumba chache mbele katika barabara hiyohiyo. Alikuja nchi hii kama mkimbizi, na mkewe na watoto, akapata kazi kwenye ghala, na sasa alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa udereva. Kaka alikuwa amejipa cheo cha mwalimu wake. Zamani alikuwa akimpeleka barabarani kwa kigari cha shemeji. Siku hizi alimfundisha kwa mdomo tu, wakiwa wamesimama. Mkongomani alimwita kaka "Granfrere", yaani kaka mkubwa kwa Kifaransa, na mimi aliniita "Papa Profesa", cheo ambacho sikuwahi kukipata kwa njia nyingine. Kiswahili chake kilikuwa na Kifaransa ndani na changu kilikuwa na majivuno, na nilikuwa na tabia mbaya ya kumsahihisha.

"Niko naenda mu duka," angesema.

"Ninakwenda dukani," ningesema mimi.

"Bien, twende wote," angejibu.

*

Jumamosi ya kuifunga kabureta nilifika asubuhi kwa treni, nikapanda barabara yao kwa miguu. Jirani wa ng'ambo, ambaye kwa miaka mingi aliegesha gari la kijivu lililochoka mkabala na nyumba ya kaka, alikuwa amenunua jipya. Kigari chekundu, chekundu kama pipi iliyolambwa sasa hivi. Nilimkuta kaka mlangoni pa banda amekielekea kigari hicho kabisa, kikombe cha chai mkononi. Nilingoja atoe hukumu. Huyu ni mtu aliyekuwa na maoni kuhusu kila gari la mtaa huo, nani kanunua, nani kapunjwa, nani kapaka upya ubavu mmoja akidhani watu hawaoni. Akaniambia tu kwamba nimechelewa.

Ndani ya banda kulikuwa na hita ya mafuta ya taa, kwa sababu mwezi wa pili Birmingham si mwezi wa kulala chini ya gari bila moto. Tuliizima kila tulipogusa mafuta ya gari. Tulikuwa wajinga lakini tulikuwa na mipaka. Ikiwaka au imezimwa, banda zima lilinuka mafuta ya taa, hata makoti yetu, hata chai.

Kabureta ya zamani ilitoka kwa shida, nati moja ikigoma hadi kaka akaisemesha maneno ambayo marehemu mama hakutufundisha. Ile mpya aliitoa kwenye boksi kwa mikono miwili, akaizungusha, akapitisha kidole katika kila tundu.

"Ile ya zamani ilikuwa na midomo miwili," alinieleza. "Hii ina minne. Miwili ya mbele ni ya kwendea sokoni. Miwili ya nyuma inakaa imefumba, haifunguki mpaka ukanyage kwelikweli. Ndipo injini inavuta pumzi yake yote."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mandazi. "Midomo minne?" alisema. "Na huu wako mmoja hatujalala."

"Huu hautumii mafuta," kaka akamjibu.

"Unatumia yangu."

Mimi nilipewa karatasi ya maelekezo niisome kwa sauti. Nilifurahi, hatimaye kuna kitu nilichosomea. Nikaanza kuyatafsiri papo hapo, nikitafuta neno zuri la kila kiungo, na nilipofika kwenye kile kifuniko kidogo kinachozuia hewa injini ikiwa baridi, nikasimama kabisa, nikipima kati ya maneno mawili.

"Profesa," kaka akasema kutoka chini ya boneti, "soma Kiingereza chao. Gari litaoza."

Nikasoma. Alinirudisha nyuma mara kwa mara. Sentensi hiyo tena. Ile ya kabla yake. Nilidhani anapenda sauti yangu. Na tochi niliyoshika, kila nilipouliza nimulike wapi, alijibu, "Popote," huku kidole chake kikitangulia kuitafuta skrubu, na bisibisi ikifuata kidole. Nilidhani hivyo ndivyo mafundi wanavyofanya. Nilikuwa nimetumwa kuangalia, na nilikuwa naangalia. Tatizo la kuangalia ni kwamba unaweza kulifanya siku nzima.

Tangi lilikuwa tupu. Kaka alikwishamwaga mafuta ya zamani, akisema yamelala mno. Mkongomani alipochungulia kusalimia, akiwa njiani kwenda barabara ya maduka kununua mkate, kaka akapaza sauti: "Mdogo wangu, tuletee petroli! Dumu moja litatosha kuanzia!"

"Petroli? Bien, Granfrere. Niko naleta."

Mimi nikaingia ndani kunawa mikono ambayo haikuwa imechafuka. Niliporudi Mkongomani alikuwa ameshaleta dumu na kuondoka na mkate wake, na kaka alikuwa anamalizia kulimimina tangini mwa gari, amelikumbatia dumu kama mtoto, kichwa kikiwa upande, akisikiliza mlio.

"Hayo ya kuamshia je?" nikauliza, maana maelekezo yalisema injini ipewe kidogo juu kwanza.

Alikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya gari aliyoiweka kando kwa kazi hiyo. Akatia matone ndani ya midomo ile, akazunguka kwa kushikashika boneti, akaingia, akawasha.

Sitajifanya kwamba sikuguswa. Gari liliguruma hadi vikombe vikacheza kwenye rafu. Kaka alinitazama kupitia kioo cha mbele, au alitazama upande wangu, na akacheka kama alivyokuwa akicheka zamani, Morogoro, akiwa amepanda baiskeli ya baba bila ruhusa. Furaha hiyo ikadumu kwa muda wa kuvuta pumzi mara chache. Kisha mngurumo ukapasuka. Injini ikaanza kugonga, kukohoa, nyuma ukatoka moshi mweupe mzito uliojaza banda, ikafa.

Akaiamsha tena kwa matone. Ikaguruma, ikakohoa, ikafa. Akaamua jeti, kile kitundu kinachopitisha mafuta, ni ndogo. Akafungua, akaweka nyingine. Akaamua plagi zimelowa. Tukazitoa zote, tukazifuta, tukazirudisha. Akazungusha skrubu za hewa nusu mzunguko huku, nusu kule, sikio limelazwa karibu na chuma. Mandazi yakapoa. Mchana wa mwezi wa pili hapo hauna subira, na mwanga ulianza kuondoka tukiwa bado tunazunguka mahali pamoja. Alipoangusha bisibisi, ikaingia chini ya gari, hakuinama kuitafuta. Alikaa juu ya tairi la akiba, mikono juu ya magoti.

"Nimeiharibu," alisema.

"Pengine ilikuja mbovu."

"Kitu ni kipya, bwana. Ni mimi." Akaviangalia vidole vyake, akivileta karibu na uso kuliko mtu anavyoleta vidole vyake. "Nilitaka mara moja tu. Unanielewa? Sikutaka gari. Mara moja tu, nishuke nalo mpaka kule kiwandani, nirudi. Basi."

Nikafanya anachofanya mwanaume asiyejua la kufanya ndani ya banda: nikaanza kupanga vitu. Nikaokota matambara. Nikaokota bisibisi. Nikaokota dumu tupu nilipeleke kwenye taka, nalo lilikuwa na karatasi ubavuni, yenye herufi nene ndefu kama za tangazo la mechi. Zilisema mafuta ya taa.

*

Mkongomani aliitwa. Alikuja mbio na ndala, akidhani mtu ameumia.

"Ndugu yangu," nikamwambia, nikiwa nimelishika dumu mbele yake kama wakili, "umetuletea nini hii?"

Akalitazama. Akanitazama. "Petroli."

"Hii ni petroli?"

"Ndiyo, Papa Profesa. Njo petroli hii. Ya kutia mu taa, mu hita. Granfrere alisema petroli, nikaona baridi, nikasema hita yabo imekauka."

"Na ya kwenye gari mnaiitaje?"

"Ya mu motokari?" Alishangaa kwamba msomi anauliza. "Esanse! Mungesema esanse, ningeleta esanse!"

Shemeji alianza kucheka kwanza, akashika mlango. Kisha Mkongomani, alipoelewa, akajipiga paji la uso na kuomba msamaha kwa lugha tatu huku machozi ya kicheko yakimtoka. Kaka alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akakohoa kama gari lake, akampiga Mkongomani begani, akasema, "Basi si mimi! Mnasikia? Kabureta nzima! Mikono yangu mizima! Tumelinywesha mafuta ya taa kama kibatari!"

Nami nilicheka. Ni hadithi nzuri, nimeisimulia kwenye karamu mara nyingi: watu watatu, Kiswahili kimoja, na neno moja lenye matangi mawili. Nilikuwa tayari nimeanza kuitunga kichwani, nikijipa sehemu nzuri zaidi. Ila nilipokuwa naitunga nilikuwa bado nimeshika dumu. Na macho yangu hayakuwa na kazi nyingine isipokuwa kusoma, yakasoma tena. Herufi zile zilikuwa kubwa kuliko kidole gumba changu. Harufu isingemwambia kitu, maana banda lote lilinuka hivyo tangu asubuhi. Lakini alikuwa amelipokea dumu mikononi. Alilifungua. Alilikumbatia kifuani, karatasi ikiwa juu, mpaka likaisha.

Nikainua uso. Shemeji alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ananiangalia mimi, kisha dumu, kisha mimi. Nikaligeuza dumu karatasi ielekee ukutani, sijui nilikuwa namficha nani.

Jioni, akinisindikiza hadi kona, shemeji alisema, "Sasa umeona."

"Nimeona."

"Utamwambia?"

"Wewe mkewe."

"Mimi nimemwambia tangu Krismasi. Ananiambia nifute kioo changu cha miwani." Akavuta kitenge mabegani juu ya koti. "Kesho gari litawaka, shemeji. Likiwaka ataendesha. Mtu mmoja atavuka barabara hapo na mtoto wake. Fikiria."

Nilifikiria njia nzima ya treni. Nilitunga hotuba tatu, zote zikiwa na utangulizi.

*

Jumapili tulikwishamwaga tangi lote, tukasukuma mabomba, tukafuta plagi. Mkongomani alikuja kutoka kanisani na suti yake ya bluu, amebeba dumu kwa mbali ili lisimchafue, na safari hii alilitangaza kutoka barabarani kama mhubiri: "Esanse! Esanse, Granfrere!" Kaka akamwambia alisome lililoandikwa ubavuni, kwa utani. Mkongomani akalisoma, herufi kwa herufi. Kila mtu akacheka isipokuwa watu wawili.

Gari liliwaka mara ya kwanza. Halikukohoa. Kaka alizungusha skrubu kidogo sana, akasikiliza, akarudisha nusu ya alichozungusha, na injini ikatulia kwenye mngurumo mzito wa chini, uliokuwa ukisikika zaidi miguuni kuliko masikioni. Akaliacha lipate joto, milango ya banda wazi, akatoka nje kusimama na Mkongomani kwenye jua hafifu, akiwa na funguo za akiba akizichezesha kidoleni. Alikuwa na furaha ya mtu anayengoja tu chai yake ipoe.

Mimi nilikuwa nyuma yao na hotuba zangu tatu.

"Mtihani lini?" kaka akamwuliza.

"Wiki kesho, Granfrere. Niko na woga."

"Woga wa nini? Kitu cha kwanza watakachokuuliza ni kusoma namba ya gari lililo mbali. Ukishindwa hapo, unarudi nyumbani, hata hukai kwenye kiti." Kila aliyefanya mtihani nchi hii anaijua hiyo, mtahini hunyoosha kidole kwenye gari lililoegeshwa, nawe unasoma. "Haya, tufanye. Mimi mtahini. Nisomee ile ya ng'ambo, ya jirani."

Mkongomani akasimama wima, akavuta koti lake, akaisoma polepole, herufi na tarakimu, kwa matamshi ya Kifaransa.

"Umekosea," kaka akasema.

"Granfrere?"

"Umekosea yote, bwana. Umevaa suti lakini macho umeacha kanisani. Sikiliza." Na akaisema, akitazama mbele, bila kusita, kama mtu anayesema jedwali la mara saba. Ilikuwa namba ya lile gari la kijivu. Lile lililokaa hapo miaka yote.

Mkongomani akatazama ng'ambo, akamtazama kaka, akatazama ng'ambo tena. Alikuwa mtu mwenye heshima na hakujua aipeleke wapi. "Lakini, Granfrere," akasema kwa sauti ndogo, "ile ya zamani haiko. Iko ingine."

Nyuma yetu injini iliendelea kunguruma, mara hii bila kosa hata moja.

Kaka hakugeuka. Funguo zilikuwa zimeacha kucheza. Niliona shingo yake tu, na kola aliyoikunja vizuri kwa ajili ya siku hiyo.

"Amenunua lingine?" aliuliza. Aliniuliza mimi.

"Ndiyo, kaka."

"Lini?"

"Jana lilikuwepo. Labda tangu katikati ya wiki."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa bei.

"Rangi gani?"

"Jekundu."

"Jekundu," akasema. "Wameipaka vizuri?"

"Mimi nitajuaje?"

"Kweli. Wewe hujawahi kuona kitu."

Hotuba zangu hazikuhitajika. Nilikuwa nimetunga maneno ya upole ya kumwambia mtu asichokiona, na alikuwa amejiambia mwenyewe, kwa sauti ya mwalimu, mbele ya mwanafunzi. Mkongomani alikuwa anaangalia viatu vyake vya kanisani na kurudia, "Pardon, Granfrere, pardon," hadi kaka akamshika mkono na kumwambia, "Umefaulu, bwana. Nyamaza. Umefaulu."

Kisha akaweka kiganja juu ya boneti, akakipitisha ubavuni mwa gari polepole, kama alivyokuwa akifanya kiwandani. Nilidhani anakwenda kwenye usukani. Shemeji, aliyekuwa ametoka bila kelele, alidhani hivyo pia. Nilimsikia akivuta pumzi. Kaka akafika nyuma ya gari, akalizunguka, akafungua mlango wa kulia.

"Endesha, Profesa," alisema. "Jina lako limo kwenye bima. Nililiweka mwenyewe nikidhani nafanya utani."

*

Niliendesha vibaya sana. Sikuwahi kushika usukani wa kushoto, na kila nilipotaka kujua niko wapi barabarani nilijikuta karibu na ukingo wa njia ya miguu, nikiwatisha watu. Kaka alikuwa amekaa kulia, ametulia, akiuliza.

"Taa?"

"Nyekundu."

"Sasa?"

"Bado. Sasa. Kijani."

"Usilipige teke, likanyage."

Tulishuka kuelekea Washwood Heath. Kwenye barabara pana iliyokuwa tupu kwa ajili ya Jumapili akasema, "Hapa. Kanyaga kwelikweli." Nikamwambia naogopa. Akasema anajua, anasikia mguu wangu. Nikakanyaga. Kwanza hakukutokea kitu, kisha midomo miwili ya nyuma ikafunguka, na sauti ya injini ikawa nyingine kabisa, mlio wa kuvuta, kana kwamba tumefungua dirisha kubwa mahali ambapo hatukujua pana ukuta. Migongo yetu ikazama kwenye viti. Kaka alikuwa amefumba macho. Alikuwa ameweka kiwiko dirishani.

Kwenye kituo cha basi alisimama mzee mmoja wa Kizungu na kofia. Aliliona gari, akamwangalia mtu wa upande wa kulia, akampa dole gumba.

"Kuna mtu amekupa dole gumba," nikasema.

"Wapi?"

"Kituoni. Anadhani wewe dereva."

Akainua mkono kumjibu. Tulikuwa tumeshapita, aliyejibiwa ni ukuta wa ghala.

Mbele ya geti la kiwanda akaniambia nizime, anataka kusikia linavyozima. Nikageuza funguo. Injini haikuzima mara moja. Iliendelea yenyewe, ikatetema, ikakohoa mara mbili tatu, moshi mweupe mwembamba ukatoka nyuma.

"Mafuta ya taa hayajatoka yote," kaka alisema. Tulikaa. Baadaye akasema, "Usimwambie shemeji yako tulivyoongea. Nitamwambia mwenyewe."

Hatukuwa tumeongea kitu.

Tuliporudi alinyoosha kiganja nimpe funguo. Nikasita. Alingoja, akitazama kidogo pembeni mwa uso wangu.

"Acha kununa," akasema.

"Umejuaje nimenuna?"

"Unapumua hivyo tangu mdogo."

Lilikuwa gari lake. Nikaweka funguo kiganjani, akazitia mfukoni, akaingia ndani. Nilirudi kwangu, na usiku huo kila gari lilipopita mtaani kwa kasi niliamka.

Asubuhi shemeji alinipigia nikiwa sijavaa viatu. Sauti yake ilikuwa chini.

"Shemeji, kaka yako yumo ndani ya gari, huko bandani. Ametoka kitandani kabla sijaamka. Amekaa tu."

"Amewasha?"

"Hajawasha."

"Amekaa upande gani?"

Nilisikia hatua zake, mlango wa nyuma, kisha hewa ya nje.

"Wa kulia," alisema.

Nikakaa chini kitandani, kiatu kimoja mkononi, na hatukukata simu.